Kwa Baiskeli Hadi Matema

Ukitoka Uyole kwenda kusini, barabara hupanda kwanza ndipo ishuke. Isongole kuna baridi, na viazi vimepangwa kwenye ndoo kando ya lami. Baada ya hapo mteremko unaanza: Kiwira, Tukuyu na mashamba yake ya chai, migomba kulia na kushoto, na kila baada ya kona chache abiria mmoja anavua koti. Tukuyu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Basi dogo linashuka kilometa nzima, na mwisho wa mteremko joto linakupokea mlangoni kabla hujakanyaga ardhi.

Nilikuwa nimesimuliwa mengi kuhusu Kyela: mchele unaonukia, kakao, maembe, mvua isiyojua kukoma. Hakuna aliyenitajia baiskeli. Stendi ya mjini ndiyo iliyonifungua macho. Baiskeli zilipita zikiwa na magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi iliyofungwa pande zote za keria, madumu ya mawese, matenga ya samaki, na abiria waliokaa nyuma kwenye viti vya sponji. Mama mmoja alikaa upande, mtoto mgongoni na mwavuli mkononi, akizungumza na dereva wake kama wako sebuleni. Nchi ile ni tambarare, na tambarare ni rafiki wa magurudumu mawili.

Aliyenialika ni rafiki yangu anayeishi Mbeya, mchumi wa miradi. Hupitia maandiko ya barabara za vijijini kabla hayajaombewa fedha, na kazi yake kubwa ni kuuliza swali moja: shilingi ikifukiwa hapa, jamii itavuna shilingi ngapi? Barabara ikiwa ya magari, ana majibu. Ikiwa ni njia ya miguu, kivuko kidogo juu ya kijito, au bega la barabara ambapo mwenye baiskeli anaweza kupita bila kusukumwa mtaroni, majibu anayoyapata hayamridhishi. "Twende Kyela," aliniambia. "Huku Mbeya tutabishana mpaka kesho."

Tulikodi baiskeli kwa fundi mmoja jirani na stendi. Alizikagua kwa makini, akakaza breki, akapaka cheni mafuta, akatupa pampu na viraka vya pancha. Mwenzangu alimwuliza wateja wake ni watu gani. Fundi alinyoosha mkono kuelekea barabarani bila kuacha kazi yake. "Wote hao," alisema. "Mwalimu, mvuvi, mwenye kakao, anayempeleka mgonjwa. Gari likiharibika anaumia mwenye gari. Baiskeli ikiharibika, nyumba nzima inakaa."

Tulitoka asubuhi na mapema kuelekea Ipinda. Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, karibu kilometa 40, sasa ina lami, na lami ile ni neema; mtu aliyeipita wakati wa tope hahitaji kuelezwa. Lakini maisha mengi ya Kyela hayaendi kwa kufuata lami. Yanaikata. Kila baada ya mita mia kadhaa kijinjia chembamba kinatoka kwenye migomba, kinagusa barabara, kisha kinapotelea upande wa pili kati ya mikakao. Humo ndimo watu walimokuwa wakitoka na kuingia. Tulisimama chini ya mwembe tukawatazama, na hapo mwenzangu akanieleza jinsi barabara inavyopewa thamani.

Kwanza huhesabiwa magari. Watu hukaa kando ya barabara na fomu, wakichora vijistari: malori, mabasi, magari madogo, pikipiki. Kisha hukadiriwa gharama ya kuendesha kila aina ya chombo kwenye barabara mbovu, yaani mafuta, tairi, springi na muda, halafu gharama hiyohiyo barabara ikishatengenezwa. Tofauti ya hizo mbili, ukiizidisha kwa idadi ya vyombo na kuifuata kwa miaka 20, ndiyo faida. Benki ya Dunia na wenzake wana programu ya kompyuta inayotumika duniani kote kwa kazi hiyo, HDM-4, nayo ina nafasi ya kuingiza baiskeli na watembea kwa miguu. Ila nafasi hiyo haijijazi. Asiyehesabiwa anaingia kama sifuri. Njia isiyopita gari hata moja haina mafuta ya kuokoa wala springi ya kunusuru, kwa hiyo kwenye jedwali imeshashindwa kabla mtu hajaiona.

Mbele yetu, katika muda wa mazungumzo yale, watu waliokuwa wamepita kwa miguu na baiskeli walikuwa wengi kuliko vyombo vyote vya moto. Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mpangaji yeyote angepaswa kuliona kwa macho yake, na halihitaji shahada.

Karibu na Ipinda tuliingia kwenye mojawapo ya vijinjia vile hadi kwa bibi mmoja mwenye shamba la kakao. Mwenzangu, ambaye ni Mnyakyusa wa Rungwe, aliinama vizuri akamwamkia kwa lugha yao. Mimi nilisema shikamoo. "Marahaba wajukuu zangu. Jua lote hili mnatafuta nini?" Tulipomwambia tunatafuta thamani ya njia aliyotufikisha pale, hakushangaa hata kidogo. Alivuta kigoda akaketi, akatueleza.

Kakao ikishavunwa hupasuliwa, mbegu zikavundikwa chini ya majani ya migomba kwa siku kama sita, kisha zikaanikwa juani mpaka zikauke vizuri. Gunia likijaa, mjukuu wake hulifunga kwenye baiskeli akalipeleka ghala la chama cha msingi, AMCOS, likasubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Kiangazi hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Masika mambo ni mengine. Kati ya shamba na barabara kuna kijito kinachoshuka kutoka milimani, na daraja lake ni magogo matatu yaliyolazwa na wanakijiji wenyewe. Mvua kubwa ikinyesha huko Rungwe, maji huja yakayachukua magogo. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kilele chake ni Machi na Aprili. Hapo kijana hulazimika kuwalipa wenzake walivushe gunia kichwani, maji yakiwa kifuani, au kukaa nalo nyumbani mpaka mnada umpite. Gunia likilowa, mbegu huota ukungu na kazi yote ya siku zile za juani imepotea. Na wapo watu wanaoujua udhaifu huo, wanaokuja wakati wa tope kununua kakao mbichi kwa bei wanayoitaka wao.

"Bei ya mnada ni moja," bibi alisema. "Anayekaa jirani na ghala na mimi niliye ng'ambo ya maji tunasomewa bei ileile. Lakini yeye anaipata yote."

Mwenzangu aliandika sentensi hiyo neno kwa neno. Baadaye alinieleza kwa nini. Kinachotafutwa katika taaluma yake ni kiasi ambacho mtu anakipoteza kwa kukosa njia, na bibi alikuwa amekitaja bila kuulizwa: ujira wa wale vijana wanaovusha gunia, hasara ya kakao iliyolowa, na pengo kati ya bei ya mnada na bei ya mnunuzi wa vichochoroni. Hivyo vitatu vinahesabika kwa shilingi, kaya kwa kaya. Hakuna hata kimoja kati yake kinachohitaji gari kupita.

Kutoka pale milima ya Livingstone ilionekana mashariki, ikiwa imesimama kama ukuta. Nyuma ya milima hiyo ipo Makete, na Makete ina nafasi yake katika historia ya jambo hili, ingawa siku hizi watu wachache wanaikumbuka. Katika miaka ya 1980 serikali, pamoja na Shirika la Kazi Duniani na fedha za Uswisi, ilianzisha huko mradi wa usafiri vijijini. Wataalamu walianza kwa kuuliza kaya zenyewe watu wanakwenda wapi, kwa chombo gani, wamebeba nini, kwa muda gani. Majibu yalibadilisha fikra za wengi duniani. Safari nyingi za kijijini hazikuwa za kwenda mjini kabisa. Zilikuwa za kisimani, za kuni, za shambani, za mashineni kusaga. Zilikwenda kwa miguu, mzigo ukiwa kichwani, na kichwa hicho mara nyingi kilikuwa cha mwanamke. Ndiyo maana mradi ule, pamoja na barabara, ulishughulikia njia za miguu, vivuko, punda na mashine za kusaga. Mashine ikiwa karibu inaokoa mwendo uleule ambao barabara ingeurahisisha.

Ni hapa hesabu inapoingia mahali pagumu, na ni hapa mimi na mwenzangu tulipobishana njia nzima hadi Matema.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme watu 200 kwa siku wanatumia njia fulani, na kivuko kipya kinamwokolea kila mmoja dakika 20. Kwa siku 300 za mwaka hizo ni saa 20,000. Ukiipa kila saa thamani ya shilingi 500, faida ya mwaka ni shilingi milioni 10. Kwa miaka 20 ungesema milioni 200, lakini wachumi hupunguza faida za miaka ya mbele kwa sababu shilingi ya leo ina uzito kuliko ya kesho. Kwa kiwango cha asilimia 12, ambacho kimetumika kwa miaka mingi katika miradi ya Afrika, thamani ya leo inabaki karibu milioni 75. Kivuko kikigharimu chini ya hapo, kijengwe.

Sasa, nani ameamua saa ni shilingi 500? Kawaida hutazamwa ujira. Mwanamke anayechota maji halipwi ujira, kwa hiyo wapo wanaoipa saa yake nusu ya thamani, robo, au wasiipe chochote. Kama watumiaji wengi wa njia ni wanawake na watoto, milioni 75 zinayeyuka mezani, na kivuko kinakuwa "hakina tija". Mwenzangu alitetea taaluma yake: lazima kuwe na kipimo, vinginevyo kila mbunge atasema kivuko chake ndicho chenye thamani kuliko vyote. Nakubali haja ya kipimo. Ninachokataa ni kipimo kinachoanza kwa kusema muda wa mama mmoja aliyetupita pale mwembeni, dumu la lita 20 kichwani na jembe begani, hauna bei. Saa yake ikiokolewa, inakwenda shambani, na shamba la Kyela lina bei. Katika hilo hatimaye tulikubaliana: saa ya kila mtu ipewe thamani moja, awe analipwa au halipwi.

Kulikuwa na jambo jingine kubwa zaidi, nalo tuliliona kwenye kijito chenyewe. Siku ile maji yalikuwa ya kufika vifundoni. Watoto wa shule walivuka wakicheka, viatu mkononi. Ukiweka mtu wa kuhesabu pale wakati wa kiangazi, ataandika watu wengi wanaovuka bila taabu, na atasema kivuko hakihitajiki. Ukimweka Aprili, ataandika watu wachache sana, na atasema hakuna wateja. Mara zote mbili atakuwa amehesabu kwa uaminifu. Thamani ya kivuko imo katika tofauti ya hesabu hizo mbili, yaani safari ambazo hazikufanyika.

Wachumi wawili, Wyatt Brooks na Kevin Donovan, walilifanyia kazi jambo hilo huko Nikaragua, katika vijiji ambavyo mito hufurika ghafla na kuvitenga na masoko. Walilinganisha vijiji vilivyojengewa madaraja ya watembea kwa miguu na vile ambavyo havikujengewa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Pasipo daraja, mafuriko yalipunguza mapato ya vibarua kwa asilimia 18. Palipojengwa daraja, upungufu huo ulitoweka. Lakini kilichonigusa ni wakulima: walianza kutumia mbolea zaidi, na faida ya mashamba ikapanda. Mtu mwenye uhakika wa kufika sokoni mwezi wowote hulima kwa namna nyingine. Hivyo daraja linafanya kazi hata siku ambayo hakuna anayelivuka, kwa sababu aliyeko nyumbani anajua lipo. Mwenzangu alisema fomu zake hazina mahali pa kuandika uhakika huo, na aliposema hivyo alikuwa ameshusha baiskeli yake chini na kusimama.

Ulaya wana kipimo chao. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ile imetengeneza zana iitwayo HEAT, inayokadiria faida ya kiafya ya kutembea na kuendesha baiskeli. Inasema, kwa mfano, kwamba mtu anayeendesha baiskeli dakika 100 kwa wiki hupunguza hatari ya kufa mapema kwa asilimia 10, na anayetembea dakika 168 kwa asilimia 11. Kisha maisha yaliyookolewa hupewa thamani ya fedha kulingana na kile ambacho jamii iko tayari kutoa ili kupunguza hatari ya kifo. Kwa mji ambao watu hukaa ofisini kutwa na kwenda kazini kwa gari, kipimo hicho ni kizuri, na kimesaidia kujenga njia nyingi za baiskeli. Bibi wa Ipinda hana upungufu wa mazoezi. Afya yake inategemea kama mjukuu anaweza kumfikisha zahanati usiku wa mvua, juu ya baiskeli ileile inayobeba kakao. Tukichukua zana ya Ulaya na kuibandika Kyela, tutapata tarakimu nzuri ya kitu kisicho chetu.

Kipimo cha karibu zaidi kimetoka Zambia, ambako wasichana wa vijijini wanaokaa mbali na shule walipewa baiskeli na watafiti wakawafuatilia. Muda wa kwenda shule ulipungua kwa theluthi moja na zaidi, kuchelewa kulipungua kwa theluthi mbili hivi, na utoro ukapungua kwa zaidi ya robo. Kyela baiskeli zipo tayari. Kinachokosekana ni mahali salama pa kuziendeshea.

Nasema hivyo kwa sababu ya lami. Tulipokaribia Matema malori yalitupita kwa kasi, na kila mara wenye baiskeli wote waliokuwa mbele yetu waliteremka kwenye majani kwa pamoja, kwa mazoea, mizigo ikiyumba. Barabara nzuri huongeza mwendo wa magari, na mwendo huo analipia asiye na gari. Tanzania imeshajifunza hili zamani. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa majaribio Temeke na Morogoro, sambamba na Nairobi na Eldoret, uliojenga vivuko vilivyoinuliwa ili kupunguza kasi ya magari, njia za miguu na madaraja madogo ya watembea kwa miguu. Vilikuwa vitu vya gharama ndogo. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam nayo, yalipoanza mwaka 2016, yalikuja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kando yake. Bega la barabara lenye upana wa kutosha, likiwekwa wakati lami inamwagwa, ni nyongeza ndogo kwenye bajeti. Likisahauliwa, kulirudishia ni mradi mpya.

Matema tulifika jua likiwa bado juu. Ziwa lilikuwa bluu na tulivu, milima ikiingia moja kwa moja majini. Siku ya soko, Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema, hujaa vyungu. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga Ikombe, upande wa pili wa rasi ya mawe, na kuvileta kwa mitumbwi. Kuna njia ya miguu ya pwani kwenda Ikombe, ya kupanda na kushuka juu ya miamba. Nilimwuliza dada mmoja, aliyekuwa akipanga vyungu vyake mchangani kwa ukubwa, kwa nini havileti kwa njia ile. Alinitazama kwa huruma. "Kaka, chungu kikianguka hakiokotwi." Nauli ya mtumbwi huiongeza kwenye bei. Ziwa likichafuka hakuna mtumbwi, na hakuna soko.

Mwenzangu aliuliza nauli ni kiasi gani, ziwa huchafuka miezi ipi, wanavunja vyungu vingapi kati ya kumi. Dada alijibu yote bila kusita, kwa sababu ni hesabu anayoipiga kila wiki. Ndivyo ilivyokuwa kila tuliposimama tangu mjini: kwa fundi, kwa bibi. Takwimu za njia ya miguu zipo, tena kamili, vichwani mwa wanaozipita. Mwenzangu alisema ofisini kwao husemwa mara kwa mara kwamba takwimu hizo hazipatikani.

Vivuko vyenyewe si vitu vya ajabu. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, umejenga madaraja ya mawe mahali pengi, kuanzia Kigoma, kwa mawe ya palepale na mafundi wa palepale, kwa gharama ndogo kuliko zege. Kyela mawe ya mto yapo tele. Mafuriko yenyewe ndiyo huyaleta.

Usiku ule, mezani, mwenzangu alichora fomu mpya ya kuhesabia. Safu ya kwanza ni ya wanaovuka kwa miguu, ya pili ni ya baiskeli, ya tatu ni ya mzigo na uzito wake, ya nne ni ya malipo kwa wanaowavusha. Ya tano, ambayo aliipigia mstari, ni ya waliofika ukingoni wakarudi, na walikuwa wakienda wapi. Tumekubaliana turudi Aprili, maji yakiwa juu. Yeye atakaa upande wa shamba, mimi nitakaa upande wa barabara, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jua lizame, siku ya soko na siku isiyo ya soko. Bibi amesema tukija atatupikia, na kwamba tubebe makoti ya mvua ya kweli.